Kadi ndogo, kodi kubwa

Mwanzoni mwa 2012, Sony ilipoanza kuuza PlayStation Vita, mashine yake ya gemu ya mkononi, Marekani na Ulaya, toleo la Wi-Fi lilikuwa dola 249.99 kwa bei ya Marekani. Kadi yake ya kuhifadhia gemu, ya GB 32, ilikuwa dola 99.99. Piga hesabu taratibu. Kiplastiki kinachotosha juu ya ukucha wa kidole gumba kilidai asilimia 40 ya bei ya mashine nzima, yenye kioo cha OLED, kamera mbili, vijiti viwili na mgongo unaohisi vidole. Na muda huohuo microSD ya ujazo uleule, ile ya kuchomeka kwenye simu, ilikuwa inauzwa kwa sehemu ndogo tu ya fedha hiyo.

Kila nikiwakuta watu wakibishana konsoli gani ni ghali na ipi ni nafuu, huwa nasubiri wafike kwenye hifadhi. Hawafiki. Wanataja bei ya mashine, wanataja bei ya gemu, wengine wanataja hadi bei ya pedi ya pili. Hifadhi wanaikumbuka siku mashine inapowaandikia kwamba nafasi imejaa.

Vita haikusubiri hata kujaa. Toleo lile la kwanza halikuwa na nafasi yoyote ya ndani ya kuwekea gemu. Baadhi ya gemu za dukani zilisevu kwenye kadi ya gemu yenyewe, lakini nyingine hazikukubali kuendelea bila kadi ya Sony. Na gemu za kushusha mtandaoni ndiyo kabisa, huna pa kuziweka. Kwa hiyo aliyelipa dola 249.99 alikuwa bado hajanunua mashine iliyokamilika. Angeweza kujinyima na kuchukua ya GB 4 kwa dola 19.99, au ya GB 8 kwa 29.99, ajaze gemu chache aanze kufuta. Ya GB 16 ilikuwa 59.99. Ukitazama ngazi hiyo ya bei unaona kabisa walikotaka ufike: ndogo ni nafuu lakini haifai, kubwa inafaa lakini inauma.

Yangu ililetwa na binamu yangu anayefanya kazi Maskati. Ndani ya boksi mlikuwa na mashine, chaji na makaratasi. Nikamuuliza kadi iko wapi. "Si utaweka memori ya simu?" akanijibu, na simlaumu, maana ukiiona kwa mbali ni microSD tupu. Nikaenda nayo Kariakoo, mtaa wa Aggrey, kwa fundi mmoja ambaye nilikuwa simjui ila nilimwona ana kioo cha kukuzia na foleni ya watu. Akafungua kile kifuniko kidogo cha chini, akachukua microSD kwenye kopo lake, akaisogeza kwenye tundu, akaigeuza, akaisogeza tena. Kisha akaniambia nimtafutie picha ya kadi yenyewe kwenye simu. Alipoiona akacheka. Kadi ya Vita ni pana kidogo kuliko microSD, na nene kidogo. Kidogo tu, lakini inatosha kuzuia kila kadi iliyokuwa ndani ya lile kopo.

"Hapa wamekukomoa, mdogo wangu," akasema, akanirudishia mashine yangu.

Sasa, haki yao tuwape. Mashine iliyotangulia, PSP, ilitumia Memory Stick ambayo nayo ni ya Sony, lakini mtu yeyote aliweza kuichomeka kwenye kompyuta na kumwagia gemu za kunakili. Na watu walimwaga, huku kwetu na huko kwao. Kadi ya Vita ilifungwa kwa usimbaji, yaani kufuli la msimbo wa siri, na kuunganishwa na akaunti ili mchezo ule usijirudie. Jambo la pili ni biashara yenyewe ya konsoli: mara nyingi mashine huuzwa kwa faida kiduchu au hata kwa hasara, kama PlayStation 3 ilivyouzwa ilipotoka 2006, halafu fedha inarudishwa kwenye gemu na vikorokoro. Ni sawa na mwenye nyumba anayekupangisha chumba kwa bei ya huruma, ukishahamisha vitu ndipo anakuuzia ufunguo wa choo.

Nayaelewa yote mawili. Bado hayajibu swali langu. Kama shida ni wizi, funga kadi kwa usimbaji halafu iuze kwa bei inayokaribia ya sokoni; usimbaji hauli dola 60. Na kama unataka kurudisha fedha ya mashine, basi andika bei ya kweli kwenye boksi la mashine, mtu aamue akiwa na macho. Kinachoniudhi ni bei ya pili iliyofichwa nyuma ya ya kwanza.

Tazama wenzao wa upande wa pili. Nintendo 3DS, iliyotoka 2011, ilitumia SD ya kawaida, na ndani ya boksi waliweka ya GB 2 bure. Agosti ya mwaka huo wakashusha bei ya mashine kutoka dola 249.99 hadi 169.99. Mzazi aliyesimama mbele ya rafu hizo mbili alihitaji kuwa na moyo wa pekee kuchagua Vita. 3DS ikauza zaidi ya mashine milioni 75 katika maisha yake. Sony iliacha kutangaza mauzo ya Vita mapema, na 2019 uzalishaji ukasimama. Sisemi kadi peke yake ndiyo iliyoiua. Simu za mkononi zilikuwa zinakula soko lote la gemu za kubeba, na Sony wenyewe waliacha kuitengenezea gemu kubwa. Lakini mtu aliyekuwa anasitasita alipewa sababu ya dola 99.99 ya kuondoka dukani.

Kwetu kulikuwa na kero nyingine ambayo wa Ulaya hakuijua. Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi za mtandao wa PlayStation, hivyo mtu anafungua akaunti ya Uingereza, ya Marekani au ya Falme za Kiarabu, kutegemea vocha anazipata wapi. Vita ilikubali akaunti moja tu kwa wakati. Ukitaka kuhama, unaifuta mashine ianze upya, na kadi yenye vitu vya akaunti nyingine inakudai uifomati. Waliokuwa na akaunti mbili walinunua kadi mbili. Hapo ujue unazungumzia mtu aliyekwishalipa kadi moja kwa bei ya kuruka.

Waliotukomboa si Sony. Mwaka 2016 kikundi kinachojiita Molecule, Yifan Lu akiwa mmoja wao, kilitoa HENkaku, programu iliyoifungua Vita. Mwaka uliofuata Yifan Lu akabuni kibao cha kuweka mahali pa modemu ya 3G ili microSD ikae humo, na baada yake zikaja adapta za SD2Vita, ambazo zinaingia kwenye tundu la kadi za gemu. Adapta ya dola chache, microSD ya kawaida, kwisha. Kichekesho ni kwamba kwenye toleo la kwanza la Vita, njia nyingine ya kuifungua, h-encore ya 2018, ilihitaji kwanza kadi ya Sony, hata ya GB 4, ili uisakinishie humo. Yaani ili uepuke kadi lazima uwe na kadi. Mimi niliazima.

Lakini turudi nyuma zaidi, kwa sababu wengi wetu hatukuanza na Vita. Tulianza kwenye banda la gemu, runinga ya kichogo juu ya meza, PS2 imewekewa feni kwa pembeni, na mechi moja ya Winning, ile gemu ya mpira, ikilipiwa kwa sarafu. Memori kadi ya PS2 ilikuwa na MB 8, na bei yake Marekani ilipotoka 2000 ilikuwa dola 34.99. Ya PS1 ilikuwa KB 128, imegawanywa vyumba 15. Leo picha moja tu ya simu yako haiingii kwenye kadi ya PS1.

Banda lilikuwa na kadi moja. Hiyo kadi ilikuwa mali ya mwenye banda, lakini kilichomo kilikuwa mali ya mtaa mzima. Ikijaa, alifungua ule ukurasa wenye mwanga wa kijivu ambamo kila kitu kilichoseviwa ni kinyago kidogo kinachozunguka: mpira, gari, mtu na upanga wake. Kisha kelele zinaanza. "Usiguse hiyo, bro, hiyo ligi yangu nimefika msimu wa nne!" Baadhi ya vinyago hubadilika ukivichagua ili kuvifuta, kama vimekuelewa. Mwenye banda haelewi huruma. Anayekuja kila siku na sarafu anabaki, aliyesafiri kwenda kusoma anafutwa. Nimeona watu wazima wakinuniana wiki nzima kwa KB mia chache.

Kwa nini hakununua ya pili? Orijino ilikuwa inamgharimu mechi nyingi mno. Feki zilikuwepo, zimeandikwa MB 64, hata MB 128, zikifungwa kwenye plastiki ya rangi. Zilifanya kazi hadi siku zinapoacha. Unawasha, unakuta mahali pa ligi yako pana alama ya kitu kilichoharibika, na hakuna wa kumlalamikia.

Halafu mambo yakapinduka. Mwaka 2008 ikatoka FreeMcBoot, programu inayojificha ndani ya memori kadi na kusomwa mara tu PS2 inapowashwa, kabla ya diski. Kadi ileile ya MB 8, iliyotengenezwa kwa usimbaji wa Sony ili wengine wasiingie, ikawa ndiyo mlango wa kuingilia. Ukishakuwa nayo huhitaji kuchipi mashine kwa kuichoma waya. Unachomeka flashi iliyojaa gemu, unacheza. Sanduku la CD zilizokwaruzika likawekwa chini ya kitanda. Mafundi wa Kariakoo na wa Luthuli, Nairobi, waliishi kwa biashara hiyo miaka mingi. Ukimpelekea PS2 nyembamba, kwanza anaigeuza kusoma namba ya chini. Ikiwa ni ya 90000 anaguna, maana nyingi za toleo hilo zinaikataa FreeMcBoot. Na flashi nayo ina adhabu yake: matundu ya USB ya PS2 ni ya kizazi cha kwanza, taratibu kama nini, kwa hiyo vile vipande vya filamu katikati ya gemu vinakwamakwama, sauti inatangulia na mdomo unafuata. Hakuna aliyejali. Tulikuwa tunaviruka hata vilipokuwa vizima.

Mfano unaoonyesha jambo hili peupe kuliko yote ni Xbox 360 ya Microsoft. Ilitoka 2005 kwa bei mbili: dola 399.99 yenye diski ngumu (hard disk) ya GB 20, na 299.99 isiyo na kitu. Ukichukua ya bei ndogo kisha ukaitaka diski ngumu, unailipia dola 99.99 na unarudi palepale. Ndani ya lile ganda la plastiki mlikuwa na diski ya kawaida ya kompyuta ya mapajani, ya inchi 2.5. Tofauti ilikuwa sehemu ndogo iliyoandikwa sahihi ya Microsoft. Mashine isipoiona sahihi, inakataa. Mwaka 2007 walipoleta ya GB 120 waliiuza dola 179.99.

Mwishoni mwa 2009 wakatoa sasisho lililozima memori kadi za watengenezaji wasio na kibali. Datel, kampuni ya Uingereza iliyokuwa inauza kadi kama hizo, ikawashtaki Microsoft kwa kuua ushindani. Aprili 2010, Microsoft ikatoa sasisho jingine: sasa unaweza kutumia flashi yoyote ya USB, hadi GB 16 kila moja, mbili kwa pamoja. Zingatia hapo. Hakuna chipu mpya iliyobuniwa. Hakuna tundu jipya lililotobolewa. Matundu ya USB yalikuwa pale mbele ya mashine tangu 2005, na kilichokosekana miaka yote ile kilikuwa ruhusa.

Kuna anayesema hizo ni habari za kale, sasa ni zama za SSD, hifadhi ya chipu isiyo na diski inayozunguka, na kasi, huwezi kuchomeka chochote tu. Ni kweli kwa kiasi chake. Xbox Series X na S za 2020 zinasoma data kwa kasi ya GB 2.4 kwa sekunde, na gemu zake zimeandikwa zikitegemea kasi hiyo. Flashi ya mtaani itazikwamisha. Kadi ya nyongeza ya Seagate inalingana na SSD ya ndani, na kuichomeka ni kazi ya mtoto, nyuma ya mashine, bila bisibisi. PS5 inakutaka uvue kava, ufungue skrubu, ukumbuke na kipoza joto. Kwa hiyo Microsoft walikuwa na sababu ya kiufundi, na naikubali.

Bei yake ndiyo nasita. Kadi ya TB 1 ilianza kwa dola 219.99, wakati Series S nzima ilikuwa 299.99. Kwa miaka miwili na nusu hivi Seagate alikuwa muuzaji peke yake. Katikati ya 2023 Western Digital akaruhusiwa kuingia na kadi yake ya C50, TB 1 kwa dola 149.99. Na ile ya Seagate? Ikashuka hadi 149.99. Kilichoongezeka sokoni ni muuzaji mmoja, na dola 70 zikayeyuka. Upande wa PS5, ambako tangu Septemba 2021 unaweza kuweka SSD ya M.2, ile ya umbo la kibao chembamba, ya kampuni yoyote mradi ina kasi inayotakiwa, TB 1 ilikuwa imeshateremka chini ya dola 100 mwaka huohuo wa 2023.

Mjadala huu ukiusoma kwa Wazungu, utakuta kila mara kuna mmoja anayeuliza: kwani lazima uwe na gemu zote kwa pamoja? Futa, utaishusha tena ukiitaka. Anayesema hivyo ana intaneti ya waya isiyo na kikomo, anabonyeza kitufe usiku, asubuhi gemu iko tayari. Sisi tuna bando. Call of Duty ya 2019, pamoja na masasisho yake, ilifika kupita GB 200. Series S yenye GB 512 inakubakishia kama GB 364 za kutumia. Gemu moja imekalia zaidi ya nusu ya nyumba, na ukiifuta leo, kuirudisha ni kununua bando upya, yaani unalipia gemu yako mara ya pili. Kwa hiyo hapa hifadhi ni akiba ya fedha, na ndiyo maana kodi ya kadi inatuuma sisi kuliko inavyomuuma mtu wa London, hata kama dola ni zilezile.

Nafuu iliyopo ni diski ngumu ya kawaida ya USB. Series na PS5 zote zinakubali kutunza gemu mpya humo, ingawa hazichezeki kutokea humo; unazihamishia SSD ya ndani ukitaka kucheza, unanywa chai, unaanza. Za kizazi cha nyuma, za Xbox One na PS4, zinachezeka mojakwamoja. Si raha, ila bando lako linabaki salama.

Onyo moja, kwa sababu bei kubwa huzaa feki. MicroSD "ya GB 512" kwa bei ya chakula cha mchana haipo. Zile zimechezewa chipu inayoiambia mashine ukubwa wa uongo. Ndani mna GB 32, pengine chini ya hapo. Unanakili gemu ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ukivuka ukubwa wa kweli, inaanza kuandika juu ya ulichokwishaweka, na hakuna ujumbe wowote wa hitilafu. Kabla hujamlipa muuzaji, au kabla hajafunga duka, ijaze yote kwa kompyuta ukitumia programu ya H2testw au F3 halafu iache isome tena. Inachukua muda. Muuzaji atanuna. Mwache anune.

Na sasa kuna Switch 2 ya Nintendo, iliyotoka tarehe 5 Juni 2025 ikiwa na GB 256 ndani. Kwa gemu inakubali microSD Express tu, aina mpya ya microSD yenye kasi zaidi. MicroSD yako ya zamani itaisomea picha na video za Switch ya kwanza, basi. Ya GB 256 ilianza kwa takriban dola 60, mara kadhaa ya bei ya microSD ya kawaida ya ujazo huo. Hii siiweki kapu moja na Vita, maana Express ni kiwango cha wazi cha muungano wa watengenezaji wa SD, si cha Nintendo, na kampuni yoyote inaweza kuitengeneza. Kwa kawaida ningesema subiri, itashuka. Ila mwishoni mwa 2025 bei za chipu za kumbukumbu zilianza kupanda dunia nzima, viwanda vikikimbilia oda za vituo vya data vya akili mnemba, kwa hiyo simwahidi mtu. Na usitegemee kuikuta kwenye kopo la fundi simu, kwa sababu simu hazizitumii.

Mpwa wangu anaitaka hiyo Switch 2 na ameshaanza kuniuliza anunue kadi ya ukubwa gani. Nimemwambia anunue mashine peke yake, ajaze kwanza zile 256, tuone itachukua muda gani. Amenijibu kwamba gemu anazozitaka ni mbili tu, na moja ni ya kuazima kwa rafiki yake.